Oddny Kleiveland na Jiwe Lenye Ubavu Bapa

Ijumaa ya tarehe 27 Februari, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika Hospitali ya Sundvåg, Dkt. Oddny Kleiveland atazima skrini yake kwa mara ya mwisho, atatundika koti lake jeupe na kwenda nyumbani akiwa mstaafu. Wahariri wa jarida hili waliniomba niandike machache juu yake kwa kuwa nilifanya naye kazi miaka mingi nikiwa mpasuaji na kwa kuwa, kama walivyosema kwa adabu, tumebaki wachache tunaomkumbuka akiwa kijana. Nilikubali siku hiyo hiyo. Nina umri wa miaka themanini na minne, na daktari wangu hanishauri kuahirisha jambo lolote.

Oddny alikuja kwetu kutoka Bergen, vuli ya mwaka 1992, akiwa mtaalamu mpya wa kusoma picha za mwili. Siku hizo picha zilikuwa bado za plastiki nyororo nyeusi, zikitundikwa mbele ya masanduku ya taa, na chumba cha kusomea kilikuwa na baridi kuliko ghala la samaki. Alivaa sweta la sufu chini ya koti la kazi. Wiki ya kwanza hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya yaliyomo kwenye taarifa zake. Wiki ya pili aliinuka kwenye mkutano wa asubuhi, ule ambao wapasuaji hushuka na kahawa zao kuonyeshwa picha za siku, akasema ana ombi moja.

"Mkitoa kitu nilichokisema, nileteeni nikione."

Mpasuaji mkuu wa wakati ule hakupenda kuombwa mambo na wageni. "Kwani wewe ni mkaguzi?"

"Hapana. Mimi kutwa nzima naangalia vivuli. Nikisema ni jiwe, nataka angalau mara moja moja nilione jiwe."

Watu walicheka, yeye akakaa. Lakini ombi likageuka desturi ya nyumba. Tangu hapo kila kilichotolewa tumboni au kooni kwa mtu baada ya Oddny kukitaja kilipanda ghorofa moja kwenye kisahani cha chuma hadi chumba chake. Ulipanda mwiba wa samaki. Ukapanda ufunguo wa banda la mashua. Yakapanda meno ya bandia ya mpiga kinanda wa kanisa, ambaye aliapa kwamba aliyasahau hotelini. Oddny alikiangalia kila kitu kwa glavu, akakigeuzageuza, akakilinganisha na picha, kisha akakirudisha na shukrani. Wapasuaji nao hawakukosa la kuongeza. Walianza kumwekea dau la ukubwa: Oddny ataje kipimo, wao watapima kwa rula, na atakayekosea atapika vafla, zile keki bapa za kuoka kwenye chuma, za watu wote Ijumaa. Nakumbuka Ijumaa nyingi ambazo mpasuaji alisimama na aproni mbele ya chuma cha moto, na Oddny amekaa akichagua jamu.

Orodha ya aliyoyafanya ni ndefu na yeye mwenyewe angeifupisha. Alituvusha kutoka kwenye masanduku ya taa hadi kwenye skrini, wakati baadhi yetu tuliapa kwamba kwenye skrini hakuna daktari atakayeona kitu. Alianzisha utaratibu wa kuwasomea picha madaktari wa visiwani, ili mtu asivuke maji yenye dhoruba kwa ajili ya ubavu ambao haukuvunjika. Aliisumbua mamlaka ya afya mpaka tukapata mashine ya pili ya sitiskani. Na alifundisha. Vijana wengi waliopita mikononi mwake leo ni madaktari bingwa katika hospitali kubwa kuliko yetu, na wote bado wanamwogopa kidogo.

Somo lake lililopendwa zaidi lilikuwa la tawi la mti. Asubuhi moja ya majira ya baridi aliingia na tawi la mbetula lililopukutika, theluji bado inadondoka juu ya zulia, akalilaza mezani mbele ya vijana.

"Hili ni ini," akasema. "Mkiona hewa nyeusi hapa katikati, kwenye matawi manene, imo kwenye mirija ya nyongo. Mnayo nafasi ya kufikiri. Mkiiona huku nje, kwenye vijiti vya mwisho, imo kwenye mishipa ya damu. Hapo msifikiri sana. Kimbieni mkamwite mpasuaji."

"Na ikiwa huku na huku?" aliuliza kijana mmoja.

"Basi mwite na padri."

Ni kwa sababu ya hewa hiyo ya katikati ndiyo maana ninalo la kusimulia.

Wote waliosoma kwa Oddny wanaijua picha moja anayoionyesha kila mwaka. Ni ya mwanamke wa miaka sabini na mmoja, jina limefutwa. Katika idara anaitwa Mama wa Mawe Mawili. Nimekaa nyuma ya chumba hicho kama mgeni, nimesikia vijana wakikisia habari zake: kwamba alikuwa mke wa mvuvi, kwamba alikuwa mtawa, kwamba alikuwa mtu wa Denmark aliyekuja kuteleza kwenye theluji. Oddny huwaacha wakisie. Hajawahi kumwambia mtu yeyote. Nami sijawahi. Sasa naungama, kwa ruhusa ya mwenye tumbo: Mama wa Mawe Mawili ni Borghild, mke wangu.

Nilipomwomba ruhusa alikuwa anafuma, na hakuinua macho. "Andika. Tumbo ni langu na mawe yalikuwa yangu. Ila usiseme nilikuwa napiga kelele."

Hakuwa anapiga kelele. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Ilikuwa Novemba, miaka kumi na miwili iliyopita, mimi nimeshastaafu. Tumbo lilimshika, likamwachia, likamshika tena mahali pengine. Alitapika, akanawa uso, akasema ni samaki wa chumvi. Jirani zetu wote wako hivyo: heri mtu afe taratibu jikoni kuliko kumsumbua daktari siku ya kazi. Alikubali kwenda hospitali pale tu aliposhindwa kuhudhuria mazoezi ya kwaya, kwa kuwa hilo lingehitaji maelezo.

Picha zake zilisomwa kwanza na daktari kijana, Sindre Hovland, na hakuzisoma vibaya. Aliona utumbo mwembamba umevimba, umejaa maji, na mahali fulani chini umesinyaa ghafla. Utumbo umeziba. Kwenye historia ya mgonjwa aliona kwamba aliwahi kupasuliwa kizazi zamani. Makovu ya ndani hunata, hukunja utumbo kama mpira wa bustani, na mara nyingi hujiachia bila kisu. Akaandika: makovu, apewe maji ya mshipa, awekewe mrija wa puani, tusubiri.

Kusubiri kungekuwa kumsubiria mauti. Oddny alipita nyuma ya kiti cha Sindre na kikombe chake, akasimama.

"Utumbo umevimba, sawa. Nani kauziba?"

"Makovu, nadhani."

"Umeyaona?"

"Makovu hayaonekani, Oddny."

"Ndiyo maana kila mtu huyasingizia. Panda juu kidogo. Hapo kwenye ini. Hiyo nyeusi ni nini?"

Sindre aliinama karibu na skrini. Katikati ya ini palikuwa na vijitawi vyeusi, vyembamba, kama vilivyochorwa kwa penseli. "Hewa. Kwenye mirija ya nyongo."

"Imeingilia mlango gani? Amewahi kutiwa kamera kwenye mrija wa nyongo?"

Sindre akatafuta. "Hapana."

"Basi kuna tundu. Sasa niletee picha zake za zamani, zote, hata za goti."

Hiyo nayo ni tabia yake. Watu wengi huangalia picha ya leo. Oddny huanza na ya zamani, kama mtu anayetaka kujua nyumba ilikuwaje kabla ya wezi kuingia. Kwenye picha ya altrasaundi ya miaka mitatu nyuma, ndani ya kifuko cha nyongo, palikuwa na kivuli kinene cha jiwe. Wakati ule halikumsumbua, na Borghild, kwa kuwa halikumsumbua, hakuona haja ya kunitajia. Kwenye picha ya leo kifuko kilikuwa kimenywea, kina hewa tu, hakina kitu kingine.

"Jiwe halina miguu," Oddny akasema, "lakini hili limehama."

Jiwe kubwa la nyongo, likikaa miaka mingi na kuchubua, linaweza kutoboa ukuta wa kifuko na kuangukia kwenye utumbo uliolala kando yake. Hewa ya utumbo hupanda kwa tundu hilo hilo hadi ini. Jiwe hushuka, likisimama hapa na kuendelea pale, ndiyo maana maumivu huja na kuondoka. Hatimaye hufika mwisho wa utumbo mwembamba, mahali penye njia finyu kuliko zote, na hapo hukwama. Ni ugonjwa wa nadra, wa wazee, na unaua kwa sababu watu huutambua wamechelewa. Oddny aliifuata njia ya utumbo kwa kidole kwenye skrini mpaka chini kulia. Jiwe lilikuwa pale. Halikung'aa kama mfupa, lilikuwa kijivu tu, lina ukingo mweupe. Ukishaonyeshwa huwezi tena kutoliona.

Chumba kizima kilishangilia. Wapasuaji waliitwa. Eskil Bratteteig, aliyechukua nafasi yangu nilipostaafu, alifika akiwa bado anatafuna.

"Upana?"

"Sentimita tatu kasoro kidogo."

"Mimi nasema tatu na zaidi. Ijumaa vafla ni zako, mama."

"Nenda kazini, Eskil. Mwenye tumbo anasubiri."

Borghild alipelekwa chumba cha upasuaji. Oddny alikwenda kula. Alikuwa na haki ya kula: alikuwa amemwokoa mtu kabla ya mchana. Alifungua kifurushi chake cha mkate na jibini la kahawia, na Sindre akakaa mbele yake, uso umeng'aa kama wa mtu aliyefaulu mtihani wa mwenzake.

Ndipo akaingia Jorunn, muuguzi wa chumba cha upasuaji, na kisahani cha chuma.

"Eskil anasema ufute miwani. Ni tatu kamili, kwa hiyo hakuna aliyeshinda."

Oddny alicheka, akavaa glavu, akalishika jiwe. Lilikuwa kahawia, zito kidogo, upande mmoja wa duara kama yai la kware. Akaligeuza. Upande wa pili ulikuwa bapa, laini, kana kwamba umepigwa msasa.

Sindre anasema aliona kicheko kikitoka usoni mwake kama taa inayozimwa.

"Sindre. Jiwe linalokulia peke yake huwa na umbo gani?"

"Duara?"

"Na hili limesuguana na nani?"

Hakungoja jibu. Alimwambia Jorunn apige simu chini wasifunge tumbo, kisha akarudi kwenye skrini, mkate ukabaki mezani. Alianza upya kutoka juu kabisa, kwenye tumbo la chakula, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuiona picha ile, hata yeye. Jorunn alimshikia simu sikioni.

"Oddny," Eskil alikuwa anasema, "nimeshapapasa. Utumbo wote. Ni mlaini kama soksi."

"Umeanzia wapi?"

"Pale ninapoweza kuushika."

"Basi anzia pale usipoweza. Subiri. Usiondoe mkono." Alisogeza picha moja, akarudi, akasogeza tena. "Kona ya kwanza, kushoto, chini tu ya tumbo la chakula. Kuna duara jembamba sana. Ni kama ukingo wa kucha. Lina rangi moja na maji yaliyolizunguka, ndiyo maana... Tafuta hapo, Eskil."

Kwenye simu zikasikika sauti za mashine na mtu mmoja akiombwa ashike kitu. Halafu Eskil, taratibu: "Jamani." Halafu: "Lipo."

Mimi nilikuwa kwenye korido, kwenye kiti cha ndugu wa wagonjwa, nimevaa koti la nje kama mtu anayengoja feri. Nilipasua matumbo ya watu katika jengo lile kwa miaka mingi na sikujua kwamba korido yake ina baridi kiasi hicho. Nilimwona Oddny akija, nikajaribu kusoma uso wake, na uso wake, kama kawaida, haukuwa na taarifa yoyote mpaka taarifa iwe tayari.

"Borghild anaendelea vizuri," alisema kwanza. Kisha: "Lakini nisikilize mpaka mwisho, Halvard. Kulikuwa na jiwe la pili. Lilikuwa kwenye picha tangu mwanzo. Sikuliona. Nililitafuta baada ya kuliona la kwanza kwa macho yangu, walipokuwa wanakaribia kufunga."

"Sasa limetoka?"

"Limetoka."

"Basi kaa, mama."

Alikaa.

Hakuna aliyemlazimisha kuniambia. Jiwe lilikuwa limeshatoka, mgonjwa yuko salama, na Eskil asingesema neno. Lakini mimi mpasuaji nilijua hesabu ambayo mume mwingine asingeijua. Lingebaki, lingeshuka. Lingekwama pale pale penye mshono mpya, labda karibu na Krismasi, na Borghild asingekuwa na nguvu za kupasuliwa mara ya pili. Oddny naye aliijua hesabu hiyo, ndiyo maana alitaka niijue kutoka kwake.

Kesho yake kwenye mkutano wa asubuhi wote walitarajia kusikia hadithi ya ushindi. Aliionyesha picha, akaonyesha hewa, akaonyesha jiwe la kwanza, watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha akaonyesha lile duara jembamba.

"Hili nililiacha," alisema. "Si kwa uchovu wala si kwa haraka. Nilipoliona la kwanza nilifurahi, na mtu akishafurahi huacha kutafuta. Sindre alikosa kwa sababu alipata maelezo yanayotosha. Mimi nilikosa kwa sababu nilipata jibu sahihi. Kosa langu ni baya zaidi, maana halina dalili."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Lakini uliliona mwishowe, Oddny."

"Jiwe ndilo lililoniambia. Mngelitupa kwenye ndoo, leo tungekuwa tunapongezana."

Tangu siku hiyo ana mwenendo ambao sasa ni wa idara nzima. Akishapata jibu, husimama, huenda kwenye sinki kuosha kikombe chake, hata kama ni kisafi, kisha hurudi na kuisoma picha upya tangu juu kama ya mgonjwa asiyemjua. Vijana wanaulizana bila kucheka: "Umeosha kikombe?" Sijui ni wagonjwa wangapi wamepona kwa sababu ya sinki lile, na hakuna atakayejua, kwa kuwa kilichoonekana kwa wakati wake hakisimuliwi.

Vafla za wiki ile alizipika yeye, ingawa dau halikuwa na mshindi. Eskil alimsaidia, akaziunguza.

Nimesema mambo mengi ya Borghild, na wahariri waliniomba ya Oddny. Wanisamehe, siwezi kuyatenga. Vuli iliyopita nilipigwa picha mimi mwenyewe, na nilipoulizwa kama nina ombi lolote, nilisema nataka isomwe na Kleiveland. Alikuja nyumbani badala ya kupiga simu. Borghild alimwekea kahawa, naye hakuigusa.

"Nimeiangalia mara tatu nikitafuta mahali nilipokosea," alisema. "Sijakosea, Halvard. Pole."

"Muda?"

"Hilo si la kwenye picha. Ungekuwa bado mpasuaji, ungemwambiaje mtu?"

"Ningemwambia asinunue buti mpya."

Borghild alisema buti nilizonazo bado nzima. Oddny alicheka, kisha akalia kidogo, na ndiyo mara pekee nimemwona akilia. Nililala vizuri siku ile. Kuambiwa ukweli na mtu ambaye umewahi kumsikia akijisemea ukweli mwenyewe, ni kama kushikwa mkono penye barafu.

Kwa hiyo, Oddny, kwa niaba ya idara yako, ya wapasuaji uliowafanya wapishi, ya madaktari wa visiwani na ya wagonjwa wasiojua jina lako kwa sababu hukuwahi kusimama karibu na kitanda chao: ahsante. Tunajua mume wako Arnljot amengoja miaka mingi uanze kurudi nyumbani kabla chakula hakijapoa. Nenda. Acha skrini kwa Sindre, yuko tayari, ingawa usimwambie.

Mimi na Borghild tulipewa miaka kumi na miwili ambayo haikuwemo kwenye hesabu yetu. Hatukuifanyia makubwa. Tulilima viazi, tukabishana kuhusu dirisha la chumbani, lifunguliwe au lifungwe, tukazika mbwa mmoja na kufuga mwingine. Ilikuwa miaka mizuri kabisa. Tunakuombea na wewe upewe kama hiyo, mirefu na ya kawaida, na mwenzio awe upande wa pili wa meza kila asubuhi akikubishia.

Halvard Rønnestad
Mpasuaji mstaafu